Bahasha Saba za Kinamasi cha Juu

Copenhagen, 14 Mei 2000

Dada Malan,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo mtu, ingawa najua hapo ulipo umeshabinua mdomo. Goti la Baba linaendeleaje? Na kifua chako, kimeacha kukoroma? Mimi sijambo, ila mvua ya huku haina ladha. Inanyesha wima kama ya bomba, siyo ile ya kwetu inayokuja ubavuni ikakuingia masikioni.

Sina mzunguko, nina ombi. Profesa Kragh amenikubalia kusoma rangi za waporaji. Umesikia? Wale wale wetu, wanaowafukuza shakwe hewani mpaka wawatapishe samaki. Unakumbuka tulivyomsumbua Baba tukiwa watoto: kwa nini wengine weusi tii na wengine wana matumbo meupe, hali ni ndege wa aina moja, wanaoana na kulala kiota kimoja? Naye alitujibu, “Muulizeni aliyewaumba, mimi nahesabu kondoo.” Basi nimeamua kuuliza.

Tunadhani jibu limo kwenye vinasaba vyao, mahali pamoja tu. Fikiria kitabu kinene kuliko Biblia ya Baba, halafu herufi moja ndani yake ibadilike, na ndege atoke mweusi. Akiipata herufi hiyo kwa baba na kwa mama, ni mweusi kabisa. Akiipata kwa mmoja, anakuwa wa kati. Asipoipata kokote, tumbo jeupe. Hilo ndilo ninalotaka kulithibitisha, halafu niulize la pili: kwa nini rangi moja haijaifuta nyingine kwa miaka yote hii?

Nahitaji manyoya, Dada. Mawili tu kwa kila ndege, ya mgongoni, ili kifua kisipate baridi wakati wa kuatamia. Yatie kwenye bahasha, uandike namba ya pete ya mguuni, kiota, na rangi ya tumbo. Rangi usiisahau hata siku moja. Mgongoni wote ni kahawia, mweusi na mweupe, kwa hiyo mimi nikiyashika manyoya huku siwezi kujua yametoka kwa nani. Nitakalolijua ni lile utakaloandika wewe.

Una madaftari ya miaka ishirini na sita. Hakuna mtu duniani anayewajua ndege wale kama wewe.

Mdogo wako,
Jórun


Hvannagjógv, 18 Juni 2000

Mdogo wangu Jórun,

Barua imefika na boti ya Jumanne, ukungu ulikuwa umeizuia siku nne. Sisi wazima. Goti la Baba linamuuma akitumwa kuleta kuni, likipona akisikia kahawa. Kifua changu kimepona, usikiulize tena.

Bahasha arobaini na moja hizo hapo. Nimewashika kwa wavu mimi na mbwa. Ndege wako hawajastaarabika tangu uondoke. Dume la kiota cha tatu limenipiga kichwani mara sita, na mara ya sita nilisikia meno yakigongana. Sasa napanda na ufagio nimeushika juu kama bendera.

Kwa hilo swali lako la pili, nikwambie ninalolijua, utanisamehe sikusoma. Madume meusi hupata majike mapema. Mwezi Mei, meupe bado yanazungukazunguka, meusi yameshaoa. Ungedhani basi meusi yatashinda. Lakini wenye matumbo meupe huanza kuzaa wakiwa wadogo, mwaka mzima kabla ya wenzao, wakati mwingine miwili. Mmoja anawahi ndani ya mwaka, mwingine anawahi ndani ya maisha. Kwa hiyo hakuna anayemmaliza mwenzake. Nimeliona hilo kwenye daftari tangu mwaka 1986, ila sikuwa na wa kumwambia. Nilimwambia kasisi akanipa kitabu cha Ayubu.

Baba ameisoma barua yako mpaka mikunjo imetoboka. Akija mtu: “Jórun ameandika.” Akiondoka mtu: “Jórun ameandika, nilikwambia?” Juzi nimemwambia nami ninajua kuandika. Akasema, “Wewe upo hapa, uandike ya nini?”

Njoo Julai. Nyama iliyotundikwa imeiva vizuri mwaka huu.

Dada yako,
Malan


Hvannagjógv, 24 Septemba 2000

Jórun,

Natumaini mlirudi salama, wewe na Profesa wako, na kwamba tumbo lake limetulia. Nilimwonya kuhusu ile nyama. Mtu aliyezoea siagi asijitie ushujaa. Sisi hatujambo.

Sanna wa posta ameleta gazeti la mjini Tórshavn. Ukurasa mzima! Picha yako umemshika yule wa kiota cha tatu, nywele zinapepea, umependeza, sikufichi. Pembeni ya picha kuna kipande cha mkono kimeshika miguu ya ndege. Sanna akauliza, “Huu mkono wa nani?” Nikamwambia ni wa sweta langu. Mtu aliyekuwemo ndani ya sweta amekatwa.

Sikukasirishwa na hilo. Picha ni picha. Nikasoma chini. Mwandishi anakuuliza kwa nini rangi mbili zinadumu, nawe unajibu: “Nimekuja kugundua kwamba mmoja anawahi ndani ya mwaka, mwingine anawahi ndani ya maisha.”

Umekuja kugundua. Wapi, Jórun? Jikoni kwangu, ukila jamu yangu?

Baba amelikata gazeti kwa kisu cha kuchunia kondoo, kalitia kwenye fremu iliyokuwa na picha yangu ya kipaimara. Picha yangu iko nyuma yake, anasema, haijatupwa.

Nakuandikia haya ili yasinikae kooni.

Malan


Copenhagen, 15 Oktoba 2000

Dada yangu,

Pole, na pole tena. Natumaini barua hii inakukuta na afya na hasira imepungua. Picha aliikata mhariri, mimi sikuulizwa. Na ile sentensi, nakuapia, ilinitoka mdomoni kama yangu. Nimekuwa nikiiwaza tangu Juni mpaka nikasahau ilikotoka. Ni sifa kwako kwamba maneno yako yanamkaa mtu namna hiyo.

Katika makala ya kwanza, ile ya bahasha arobaini na moja, tumewashukuru “wakazi wa kijiji kwa msaada wao”. Niliandika jina lako, Profesa akasema desturi ni kutaja wasomi tu. Sikutaka kubishana naye mwaka wa kwanza. Utanielewa.

Matokeo ni mazuri mno: herufi ile ile, weusi wote wanayo, weupe wote hawana. Lakini ni yale yale yanayotarajiwa. Mwakani nahitaji ndege wa Kinamasi cha Juu, ambao sikuwafikia kwa sababu ya ukungu. Utanishikia?

Baba aliniambia kwenye simu umekonda. Kula.

Mdogo wako,
Jórun


Hvannagjógv, 9 Julai 2001

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Sote wazima wa afya, tunamshukuru Mungu.

Nimekuwekea bahasha za Kinamasi cha Juu, kama ulivyoomba. Ndege saba wa viota vinne, wote weusi. Nimeandika kwa herufi kubwa usipate taabu ya kusoma.

Baba anakusalimu. Hakuna jingine.

Dada yako akupendaye,
Malan


Copenhagen, 20 Novemba 2001

Dada Malan, Dada Malan, Dada Malan!

Uko mzima? Baba mzima? Kaa chini kwanza.

Wale saba. Nimewapima mara tatu, Profesa mwenyewe akapima mara ya nne mlango umefungwa. Hawana ile herufi! Hata mmoja! Ukiwasoma vinasaba, ni ndege wenye matumbo meupe. Na bado ni weusi. Unaelewa maana yake? Kuna njia ya pili ya kuwa mweusi, njia ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa waporaji, na iko kwetu, juu ya nyumba yetu, pale tulipokuwa tukifukuza kondoo wa jirani. Ndege wale wamefika kwenye rangi ile ile kwa kupita mlango mwingine kabisa.

Nitaitangaza kwenye mkutano mkubwa mwishoni mwa Machi. Profesa amenong'ona kwamba chuo kina nafasi ya kudumu, na baada ya hili sioni nani atakayenishinda. Nina miaka arobaini na mbili, Dada. Nimehamahama vyumba vya kupanga tangu nilipotoka hapo.

Namtumia Baba orodha ya wale saba, kiota, namba ya pete na rangi, aiweke kwenye fremu yake. Mwambie mwanawe hatimaye ameuliza swali lake akajibiwa.

Barua yako ya Julai ilikuwa fupi kama ya karani. Bado umeninunia? Usininunie leo.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Jórun


Hvannagjógv, 17 Februari 2002

Jórun,

Sikuulizi hali. Ukimaliza kusoma utakuwa na hali mbaya, na mimi ndiye niliyeisababisha. Kaa mahali usipoonekana na watu.

Wale saba, watano wana matumbo meupe. Weusi ni wawili tu, na hao wawili sikuwashika. Nilirudia kuwachomoa manyoya wawili kati ya wale watano, nikayaandikia namba za pete za wale weusi nilizozitoa daftarini. Kila bahasha nikaiandika “mweusi”. Sikukosea, wala sikuwa mgonjwa, wala mvua haikufuta wino. Niliketi kwenye jiwe, bahasha juu ya paja, nikaandika mara saba.

Najua utauliza kwa nini. Nimekuwa na miezi saba ya kutafuta jibu linalopendeza, sikulipata. Niliona kijicho. Asubuhi ninapowasha jiko, wewe uko ukutani. Ninapomfunga Baba viatu, anazungumza nawe juu ya kichwa changu. Nimemwosha mgongo miaka tisa, na hajawahi kumwambia mtu, “Malan ameniosha.” Halafu ukanichukulia na lile neno langu moja, nililokuwa nalo peke yake. Nikajisemea: haya, ameandika mwenyewe kwamba atajua lile tu nitakaloandika mimi. Nitaandika.

Nilitaka ukwame. Nilidhani hesabu zitakataa, utapiga simu useme, “Dada, hapa kuna kitu hakiendi, hebu nieleze wewe unayewajua.” Ningekuacha uhangaike kidogo, halafu nikwambie umechanganya bahasha. Hivyo tu. Sikujua kwamba uongo wangu utakuwa taji kichwani kwako. Barua yako ya Novemba ilipokuja niliisoma nimesimama kibandani, na unajua nilihisi nini kwanza? Siyo hofu. Wivu tena. Hata nilipokuharibia, sifa zilikwenda kwako.

Nikanyamaza. Desemba nikanyamaza, Januari nikanyamaza. Ningenyamaza mpaka Machi, nakwambia kweli.

Ila Baba. Macho yake hayasomi tena, nawe hukuambiwa kwa sababu amekataza. Alhamisi Sanna alikuja kunywa kahawa, akamwomba amsomee ile orodha yako kwa sauti. Mimi nilikuwa nafuma soksi pembeni. Sanna akasoma: “Kiota cha kwanza, mweusi na mweusi. Kiota cha pili, mweusi na mweusi.”

Baba akasema, “Rudia.”

“Kiota cha pili, mzee, mweusi na mweusi.”

“Kile cha karibu na ukuta uliobomoka?”

“Sasa mimi nitajuaje ukuta? Mimi nasoma tu.”

“Pale hapajawahi kuwa na mweusi,” akasema. “Jike la pale lina tumbo kama ubao wa jibini. Mwaka juzi kabla macho hayajafa lilinivua kofia. Malan, si ulikuwepo?”

Nikasema nilikuwepo.

“Basi Jórun amekosea.”

Sanna akasema, “Labda ndiyo elimu yenyewe, mzee. Sisi tunaona jeupe, wao wanaona jeusi.”

Baba hakucheka. Aligeuza uso kunielekea, na ingawa hanioni alinitazama. Akasema, “Au aliyemwandikia.”

Sanna si mjinga. Alikumbuka ghafla kwamba ana mkate kwenye oveni, akaondoka na kahawa yake nusu.

Tukabaki sisi wawili. Nilisubiri anitukane. Sindano zangu zikaanza kunikera masikioni mwenyewe. Mwisho akasema, “Siku ile niliyoiweka ile picha, ulisema kitu. Ulisema nini?”

“Nilisema hakuna neno, Baba.”

“Mimi nikaamini.” Akapapasa meza akaukuta mkono wangu, hakuushika, aliugonga tu kwa vidole kama anavyogonga mlango wa watu. “Mwandikie. Leo. Usipomwandikia wewe nitamwandikisha Sanna, na kesho kutwa kisiwa kizima kitajua.”

Sikuandika siku ile. Nimeandika leo, siku ya tatu, na boti inaondoka saa tatu. Usisimame mbele ya watu ukasema habari za mlango wa pili. Hakuna mlango wa pili. Kuna mimi.

Malan


Hvannagjógv, 27 Juni 2002

Mdogo wangu,

Miezi minne, na hujaandika wala hupokei simu. Sikulaumu. Baba uliongea naye Pasaka, alisema mliongea habari za hali ya hewa dakika ishirini, na kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya.

Nakutumia kifurushi. Safari hii sikwenda peke yangu, maana neno langu halina bei tena. Jirani yetu Jóan Petur alifunga tela kwenye trekta, tukamweka Baba juu ya magunia mawili ya sufu, blanketi kiunoni, kofia ya chuma ya zamani kichwani, tukapanda mpaka Kinamasi cha Juu. Sanna alishika kalamu. Mimi nilishika ndege tu. Sikuandika hata nukta, utaona mwandiko ni wa Sanna, ule unaolala kama nyasi.

Kila nilipomnasa mmoja nilimpeleka kwenye tela. Jóan Petur anasema rangi, Sanna anaandika, halafu Baba anamshika ndege kifuani kwa vidole na kusema, “Huyu namjua, mama yake alikuwa mgomvi vile vile.” Siku mbili tulifanya hivyo. Kofia iligongwa mara kumi na nne, Baba alihesabu kwa sauti kubwa, na kila ikigongwa alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo miaka mingi, nami nilikuwa nimesimama pale pale nilipokuwa nimeketi mwaka jana na bahasha pajani.

Weupe watano, weusi wawili. Picha zimo. Sahihi tatu zimo, yangu haimo.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu ule ukweli uwe huko ulipo ule uongo.

Dada yako, kama bado,
Malan


Copenhagen, 3 Oktoba 2002

Malan,

Nashukuru kwa habari za Baba. Nami ni mzima, nimepunguza uzito na nimehama nyumba, anwani iko nyuma ya bahasha.

Barua yako ya Februari niliipata mwezi Machi, siku nane kabla ya mkutano. Nilimpelekea Profesa siku hiyo hiyo. Aliisoma yote, nikimtafsiria, hata yale ya jiko na viatu. Akaniuliza, “Una hakika dada yako anasema kweli sasa, au alikuwa anasema kweli wakati ule?” Fikiria. Nilifuta jina langu kwenye mkutano kwa barua ya mtu ambaye sikujua nimwamini lini. Nafasi ya kudumu wamempa kijana kutoka Sweden anayesoma kome. Sasa nafundisha biolojia shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wananiita Bibi Ndege.

Nilikuchukia, Malan, nisikudanganye. Kiangazi chote kifurushi chako kilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa. Nilikifungua mwezi Agosti, nikaomba ruhusa ya kuingia maabara siku za Jumapili. Matokeo yako hapo chini ya barua. Weusi wawili wana herufi, weupe watano hawana. Sawa na kila mahali. Hakuna cha ajabu kwetu.

Na sasa nikwambie jambo ambalo nilidhani nitazikwa nalo. Ile sentensi haikunitoka mdomoni kwa bahati. Nilijua ni yako. Mwandishi aliponiuliza, barua yako ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Ningeweza kusema, “Dada yangu ndiye aliyeona.” Nilifungua mdomo niseme. Halafu nikakumbuka kila simu niliyowahi kupiga nyumbani. Baba huwa anapokea, anauliza nimekula nini, halafu saa nzima ni Malan amejenga ukuta, Malan amemzalisha kondoo aliyelala kichalichali, Malan anasema Jumatano itanyesha, na ikanyesha. Mimi ananiambia habari zako, wewe anakuambia zangu. Nilitaka kitu kimoja ambacho wewe hukukifanya kabla yangu. Nikakichukua kwako.

Nimeandika makala mpya, ndogo, isiyo na maajabu. Jarida dogo limekubali kuipokea. Inaeleza ndege wote wa Hvannagjógv, madaftari yako ya miaka ishirini na minane, ni rangi ipi inawahi mwaka na ipi inawahi maisha, na inasahihisha habari za wale saba, kwa kuwa Profesa alikuwa ameshazieneza kwa wenzake. Majina ni mawili. La kwanza ni lako. Usidhani ni zawadi. Mwenye jina la kwanza ndiye anayeandikiwa na watu wakiwa na maswali, nao watauliza kuhusu bahasha zile. Utawajibu wewe.

Soma kila ukurasa, tia sahihi, urudishe. Ukikataa nitaitoa nyingine isiyokuwa na ndege wa kwetu hata mmoja, na tutakuwa tumemaliza.

Krismasi siji. Mwakani sijui.

Jórun


Hvannagjógv, 21 Oktoba 2002

Mdogo wangu Jórun,

Nakusalimu. Baba ana mafua, lakini ya kulalamikia, siyo ya kuogopesha. Mimi mzima.

Sanna amenisaidia maneno ya Kiingereza kwa kamusi ya shule, jioni tano. Nimeielewa yote. Ni kazi nzuri. Umeyapanga madaftari yangu kwa namna ambayo mimi nisingeweza, na nilipoona ile michoro yako, miaka yangu yote imelala kwenye mstari mmoja unaopanda na mmoja unaoshuka, niliona fahari, na hapo hapo nikaona wivu kwamba aliyeichora ni wewe. Nakuambia ili ujue hayajaisha. Nadhani nitakufa nayo, kama wengine wanavyokufa na goti.

Baba aliniomba nimsomee majina. Nikasoma: Malan Dánjalsdóttir, Jórun Dánjalsdóttir. Akasema, “Langu, Dánjal, limo mara mbili,” akaridhika, akalala.

Nimetia sahihi kila ukurasa. Ukurasa wa tatu tu nimeugusa. Pale ulipoeleza wale saba, uliandika kwamba rangi zao ziliandikwa isivyo “kwa bahati mbaya”. Hukuniambia kwenye barua kwamba umeandika hivyo. Nililisoma neno hilo mara nyingi, nikatafuta kwenye kamusi nikidhani labda lina maana nyingine.

Nimelikata kwa mstari mmoja, ili lililo chini lisomeke. Juu yake nimeandika “kwa makusudi”, na pembeni nimetia sahihi yangu peke yangu.

Boti inaondoka saa tatu. Bahari imetulia.

Dada yako,
Malan